Ushauri: Wanafunzi wangu wa uuguzi wanakikimbia kitanda cha mgonjwa anayekufa

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mkufunzi katika chuo cha uuguzi na ukunga mkoani Tanga, na ndiye ninayesimamia wanafunzi wa mwaka wa pili wanapokwenda kwenye mafunzo ya vitendo hospitalini. Nakuandikia kwa sababu ya jambo lililotokea muhula huu katika wodi ya wanaume, ambalo wenzangu chuoni wananishauri niliache lipite, nami nashindwa kuliacha.

Alilazwa mzee mmoja mwenye saratani ya ini, hali yake ikiwa imekwisha kuwa mbaya, na daktari akaandika kwenye faili kwamba ahudumiwe kwa kutulizwa maumivu tu. Kitanda chake alipangiwa binti mmoja msikivu na mwenye bidii. Chati ya mgonjwa ilijazwa bila kasoro: joto, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu, kila baada ya saa nne. Lakini asubuhi moja nilipopita nilimkuta mzee midomo imekauka hadi kupasuka, ulimi umetanda utando mweupe, na mkewe ameketi kwenye stuli akimpepea kwa kipande cha boksi. Yule mama aliniambia kwa upole kabisa, "Watoto wako wanakuja, wanapima, wanakwenda."

Mzee alifariki siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri. Yule binti alitoka mbio akajifungia katika chumba cha kusafishia vyombo. Mwenzake wa kiume, aliyekuwa kando ya pazia, alishikwa na kicheko ambacho mimi najua kilikuwa cha woga, ila ndugu wa marehemu hawakukichukulia hivyo, na ilibidi niwaombe radhi. Muuguzi kiongozi wa wodi aliwaambia wote wawili kwamba muuguzi halii wala hacheki, akawatuma kwenye kitanda kinachofuata. Jioni gari la chuo liliwarudisha hosteli, na hakuna aliyelizungumzia jambo lile.

Tangu siku hiyo binti anasema anataka kuhamia famasia. Amenieleza faraghani kwamba mama yake mzazi alifariki mwaka jana yeye akiwa kwenye mitihani, na kwamba alipofika nyumbani watu walikuwa wameshatoka makaburini. Wengine nao nimegundua wanabadilishana vitanda kimyakimya ili wasimpate mgonjwa aliye katika hali ya mwisho.

Chuoni kwetu mada hii hupewa kipindi kimoja cha saa mbili, karibu na mwisho wa mwaka, na kinachofundishwa ni zile hatua tano za huzuni (kukana, hasira, kujadiliana, sononeko na kukubali) pamoja na namna ya kuuandaa mwili. Nimependekeza ifundishwe mapema na kwa upana zaidi. Baadhi ya wenzangu wanasema nitawatisha vijana; mmoja, mtu mzima, amesema kukizungumzia kifo kila mara ni kukiita. Mkuu wa idara hapingi, ila anauliza jambo kama hili litatahiniwaje. Mimi mwenyewe sijui nimwambie nini mwanafunzi anapoulizwa na ndugu, "Tafadhali msimwambie mgonjwa ukweli," wala sijui nimfanyie nini huyu binti. Naomba mwongozo wako.

Mkufunzi wa uuguzi, Tanga

*

Marahaba, mwalimu, na pole kwa msiba ambao uliipata wodi nzima ingawa hakuna aliyeuita msiba.

Nianze na maneno ya yule mama, kwa kuwa ndiye aliyeliona tatizo vizuri kuliko sisi wenye vyeti. Mwanafunzi wako hakuwa mzembe. Alitimiza kila kitu alichofundishwa kuwa ni kazi ya muuguzi, na kwa vile hakuna aliyemfundisha kwamba kinywa cha mgonjwa yule kilihitaji mkono wake kuliko shinikizo la damu lilivyohitaji mashine, alishika mashine. Kisha mzee alipokata roho, kazi zote alizozijua zilikwisha kwa pamoja, akabaki amesimama hajui mikono aiweke wapi. Kijana aliye katika hali hiyo atakimbia, au atacheka. Naamini wanafunzi hukikimbia kitanda cha anayekufa kwa sababu hawana kazi wanayoijua kuifanya pale. Kwa hiyo somo unalolitafuta ni lazima lianzie kwenye kazi, na nadharia ije baadaye kuieleza.

Wenzako wanaohofia kuwatisha vijana wanasahau kwamba vijana hawa wametoka majumbani mwetu. Wamekwisha kubeba viti vya msiba, wameteka maji, wamemenya viazi chini ya turubai, wameshika daftari la michango. Msiba wanaujua. Wasichokijua ni saa zile za kabla ya msiba, kwa kuwa nyumbani saa hizo ni za watu wazima, na watoto hutolewa nje mlango ukafungwa. Angalia pia kwamba katika msiba hakuna anayekimbia, kwa sababu kila mtu amepangiwa la kufanya, hata yule anayelia zaidi kuliko wote. Hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea mwenzako anayesema kukitaja kifo ni kukiita: hospitali itawakutanisha wanafunzi na kifo, wafundishwe au wasifundishwe, na mliyoyaona wodini ndiyo matokeo ya kutowafundisha. Somo lianze kabla ya wiki ya kwanza ya mafunzo ya vitendo, hata kama ni kwa vipindi vichache, kisha lirudiwe kila mwaka likiongezwa uzito.

Sasa kitanda chenyewe. Katika chumba cha mazoezi waanze na kinywa. Kila mwanafunzi amsafishe mwenzake kinywa kwa pamba laini iliyoloweshwa maji safi na kukamuliwa vizuri, aone ni kiasi gani cha maji kinamfanya mtu aliyelala chali apaliwe, ampake mafuta midomoni, kisha wabadilishane, naye alale. Aliyelala na kinywa wazi mbele ya mtu aliyesimama anayetazama saa hatahitaji mhadhara kuhusu utu wa mgonjwa. Baada ya hapo wafundishwe kumgeuza mgonjwa na kumlaza ubavu ili mate yasikusanye kooni, kukausha ngozi, kunyoosha shuka chini ya mgongo, na kutambua kwamba ukifika wakati fulani kupima shinikizo la damu kila saa nne hakumsaidii tena mgonjwa. Ni jambo la kujadiliana na daktari na kiongozi wa wodi ili dakika zile ziende kwenye kinywa na ngozi.

Wafundishwe pia sura ya kifo kinachokuja taratibu, kwa sababu mwanafunzi asiyeijua huichukulia kila dalili kuwa ni dharura au ni kosa lake. Mgonjwa hulala muda mrefu zaidi, hutaka chakula kidogo kisha hataki kabisa, mkojo hupungua, mikono na miguu hupoa, ngozi ya magotini hubadilika rangi na kuwa na madoa, pumzi huja kwa vipindi na kusimama kwa muda unaotisha kabla ya kuanza tena, na koo hukoroma kwa mate ambayo mgonjwa hana nguvu ya kuyameza. Mkoromo huo huwaumiza zaidi wanaosikiliza kuliko mgonjwa mwenyewe, na mara nyingi kumgeuza ubavu hutosha kuupunguza. Kusikia nako huenda kukadumu baada ya macho kufumba. Upo ushahidi kwamba ubongo wa baadhi ya watu walio katika saa za mwisho huendelea kuitikia sauti. Kwa hiyo mwanafunzi amwite mgonjwa kwa jina, amweleze anachotaka kumfanyia kabla ya kumgusa, na asizungumze habari za zamu au za bwenini juu ya kichwa chake.

Katika wodi zetu ugomvi mkubwa huzuka juu ya uji. Ndugu wanaona mtu wao hajala tangu jana, nao kwa mapenzi yao wanamnyanyua na kumnywesha kwa kijiko, uji unaingia kwenye njia ya hewa, na mgonjwa anayekaribia kufa anaongezewa kikohozi na homa. Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba "mgonjwa asilishwe" atamnyang'anya mama kikombe, na mama atatoka akisema hospitali ilimnyima mumewe chakula. Aliyefundishwa vizuri ataketi, ataeleza kwamba mwili unapofikia hapa hauwezi tena kukitumia chakula, kwamba kutokula ni sehemu ya ugonjwa na mgonjwa hateswi na njaa kama ya mtu mzima wa afya, kisha atampa yule mama pamba na bakuli la maji na kumwonyesha namna ya kulowesha midomo. Mke aliyekuwa na kikombe cha uji sasa ana kazi nyingine ya kumtendea mumewe. Kama mwanafunzi atajifunza jambo moja tu kutoka kwako muhula huu, liwe hilo.

Maumivu yanahitaji kipindi chake peke yake. Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kazi kama muuguzi kabla ya kusomea ustawi wa jamii na hatimaye udaktari, alifungua St Christopher's Hospice, yaani nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa, huko London mwaka 1967, na fundisho lake lililoenea kuliko yote ni kwamba maumivu ya anayekufa yana pande nyingi: mwili, nafsi, uhusiano na watu, na imani. Mzee anayesema mgongo unamuuma huenda pia anawaza ada ya mtoto, deni la dukani, au ndugu ambaye hawajazungumza kwa miaka. Ukanda wetu una historia yake katika kazi hii, na wanafunzi waijue: Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, Hospice Africa Uganda ikaanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, na mwaka 2004 Uganda ikabadili sheria na kuwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, kumwandikia mgonjwa morfini, dawa kali ya maumivu. Jambo hilo la mwisho lizungumzwe darasani kwa kirefu, kwa sababu wanafunzi wengi huamini kwamba morfini ndiyo inayoua. Morfini ya maji ikianza kwa kiasi kidogo, ikaongezwa kwa kadiri ya maumivu, ikatolewa kila saa nne bila kusubiri mgonjwa alie, haiharakishi kifo. Kinachosahauliwa ni dawa ya kulainisha choo, ambayo ni lazima iandamane nayo, maana kufunga choo hakupoi kwa mgonjwa kuizoea dawa. Mwaka 2014 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize tiba shufaa katika mifumo yao ya afya na katika mafunzo ya watumishi wake. Mkuu wa idara akitaka hoja ya kiofisi, hiyo hapo.

Kuhusu hatua tano, sitasema uzifute, ila uzipunguzie cheo. Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakifa hospitalini Chicago, na baadaye watu wakazihamishia kwa wafiwa, wakazipanga kama ngazi ambayo kila mtu ni lazima aipande. Matokeo yake ni mwanafunzi anayeandika kwenye ripoti kwamba mgonjwa "yuko hatua ya hasira", wakati mgonjwa amekasirika kwa sababu ameita tangu alfajiri na hakuna aliyemletea chombo cha mkojo. Mimi napendelea maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi, ya mwaka 1999, wanaosema mfiwa huenda na kurudi: mara anaukabili msiba wenyewe, mara anageukia maisha yanayoendelea, na kwenda na kurudi huko ndiko kunakombeba. Mwanafunzi wa Kitanzania hahitaji mfano wa mbali ili alielewe hilo. Ameona watani wanavyoingia msibani wakiiga mwendo wa marehemu na kudai madeni ya uongo, na mjane aliyekuwa akilia akacheka, kisha akalia tena. Tukiwa hapo, yule kijana wako aliyecheka aelezwe kwamba kicheko cha woga hakimfanyi kuwa mtu mbaya, ila kicheko cha msibani kina wenyewe, nao ni watani; muuguzi anapohisi kinamjia ainamishe kichwa, atoke taratibu nje ya pazia, avute pumzi, arudi. Jambo hili dogo linafundishika kabisa.

Sasa ombi la ndugu kwamba mgonjwa asiambiwe. Mwanafunzi hapaswi kuwa mtoa habari mbaya, na hilo lisemwe wazi ili mzigo umtoke. Habari hiyo ni ya daktari na muuguzi mwandamizi. Lakini pia hapaswi kusema uongo. Akiombwa na ndugu, asibishane nao kana kwamba ni maadui wa mgonjwa, kwa kuwa wengi wanamkinga kwa upendo. Awaulize wanahofia nini kitatokea akijua, kisha awaambie atalifikisha kwa kiongozi wa zamu. Akiulizwa na mgonjwa mwenyewe, "Mwanangu, nitapona?", asikimbilie "utapona, mzee." Aketi, amuulize ameelezwa nini kuhusu ugonjwa wake na ni nini kinachomfanya aulize leo. Mara nyingi utakuta mgonjwa amekwisha kujua, na anachotafuta ni mtu wa kumwitia mwanawe aliye Mwanza au wa kumleta shehe au padri akiwa bado na fahamu. Mwanafunzi anaweza kulisikia hilo na kulipeleka panapostahili siku hiyohiyo. Mfanye igizo darasani, na nafasi ya mgonjwa apewe mkufunzi, ili maswali yawe magumu kama yalivyo wodini.

Mambo ya mwili baada ya kifo mnayafundisha tayari, kwa hiyo nitaongeza machache. Kabla ya kugusa chochote mwanafunzi aulize familia, asikisie dini kwa jina lililo kwenye faili. Familia ya Kiislamu huenda ikataka kumwelekeza mtu wao kibla na kumtamkisha shahada angali hai, kisha mwili uguswe kidogo kadiri inavyowezekana na mtu wa jinsia moja naye, kwa kuwa kuosha ni kazi yao. Mkatoliki huenda alihitaji mpako wa wagonjwa mapema, na muuguzi anayesubiri hadi pumzi ikatike amechelewa. Macho yafumbwe na viungo vinyooshwe mapema, kwa maana mwili hukakamaa ndani ya saa chache. Kanula, ule mrija wa mshipani, na mpira wa mkojo viondolewe kwa kufuata utaratibu wa hospitali, isipokuwa pale kifo kina utata au kinahusu polisi, ambapo havitolewi mpaka uchunguzi ufanyike. Mali ya marehemu iandikwe mbele ya shahidi, hata ikiwa ni kandambili na simu yenye kioo kilichovunjika. Kwa kipindi hiki mwalikeni mhudumu wa mochwari aje azungumze na darasa. Nimewahi kuona wanafunzi wakimsikiliza mtu huyo kwa makini kuliko walivyopata kunisikiliza mimi, na wakitoka pale mochwari haiwi tena mahali pa hadithi.

Kuna watu ambao vitabu tunavyovisoma, vilivyoandikwa kwa hospitali za vyumba vya mtu mmoja mmoja, haviwataji: wagonjwa wa vitanda vya jirani. Katika wodi yetu ya wazi aliye kitanda cha kulia na cha kushoto amesikia kila kitu kupitia pazia. Huenda wiki nzima amekuwa akigawana chungwa na marehemu, na ndiye aliyemwita muuguzi usiku. Mwili ukishatolewa, godoro likapanguswa na shuka jipya likatandikwa, mwanafunzi arudi kwa jirani huyo, amwambie kwa maneno ya wazi kwamba mwenzake amefariki, ampe pole, aulize kama anataka kusema lolote. Huko Virginia, Marekani, muuguzi Jonathan Bartels alianzisha desturi ya watumishi kusimama kimya kwa muda mfupi baada ya mgonjwa kufa, na imeigwa na hospitali nyingi. Kwetu mara nyingi wagonjwa wenyewe ndio hunyamazisha redio na mmoja akaongoza dua. Wafundishwe wanafunzi kusimama nao pale badala ya kuendelea kusukuma toroli la dawa.

Kisha kile kilichokosekana kabisa siku ile: kikao. Kabla ya gari la chuo kuondoka, waketishe wote waliokuwepo, dakika kumi na tano zinatosha, mahali ambapo mlango unafungika. Usiwaulize "mnajisikiaje", kwa maana watajibu "vizuri, mwalimu". Waulize nini kilitokea, kwa mpangilio, kila mmoja aseme alipokuwa amesimama na alichokifanya. Katika kusimulia matendo hisia zitakuja zenyewe, na pia utayagundua makosa ya kiufundi bila kumwaibisha mtu. Waulize ni kitu gani kimebaki machoni au masikioni mwao. Asiyetaka kusema asilazimishwe, ila asiachwe arudi hosteli peke yake. Jioni mtu mmoja amtazame kama amekula. Kikao kifanyike baada ya kila kifo cha mwanzo kwa mwanafunzi, na wewe au mkufunzi mwingine awepo wodini kifo hicho kinapotarajiwa, asimame kwenye kitanda hicho pamoja na mwanafunzi, naye aonekane anafanya kazi. Ratiba ya usimamizi ibadilishwe kwa ajili ya hilo kabla ya kubadilishwa kwa ajili ya jambo jingine lolote.

Kulia? Muuguzi anaruhusiwa kulia. Machozi yanayomwacha aendelee kushika mkono wa mjane hayana ubaya wowote, na yakimzidi hata ikabidi mjane ambembeleze yeye, atoke kidogo. Sina zaidi ya hayo, ila nitakuomba usigombane na kiongozi wa wodi kwa kauli yake. Huenda amefunga macho ya watu wengi kuliko anavyoweza kukumbuka, na hakuna aliyewahi kumketisha baada ya hata mmoja. Mwalike kwenye kikao kama mzoefu, aeleze mgonjwa wake wa kwanza kufariki alikuwa nani.

Huyu binti sasa. Usimtoe kwenye wodi ya wanaume kwa kumwonea huruma bila kumuuliza, na usimwambie abaki kwa ujasiri. Mwite, umwambie umesikia habari za mama yake na umeunganisha mambo mawili: hakupata kumuuguza mama, hakupata kumzika, kisha wodini akawekwa mbele ya kitanda ambacho mtu alikuwa anafia. Mwache azungumze juu ya mama kwanza, chuo baadaye. Muulize kama amewahi kwenda kaburini tangu arudi masomoni, na kama hajaenda, tafuteni ruhusa ya siku chache. Katika familia nyingi kisomo au misa ya kumbukumbu bado vinaweza kufanyika akiwepo, na mjomba au shangazi akipigiwa simu na mwalimu atalielewa jambo hilo upesi. Arudi wodini kwa hatua, akianza kwa kumsaidia mwenzake badala ya kupewa kitanda peke yake. Suala la famasia mwambie liwekwe kando mpaka muhula ujao, kisha aamue, na akiamua kwenda aende kwa heshima.

Mtazame pia kwa jicho la kiuguzi. Huzuni ya mwaka wa kwanza kwa aliyefiwa na mama kwa kawaida si ugonjwa. Lakini kama hapati usingizi, hali chakula, amejitenga na wenzake, au anatamka kwamba angependa kumfuata mama, usisubiri ruhusa ya mtu; mpeleke siku hiyohiyo kwa mtaalamu wa afya ya akili wa hospitali mnayofanyia mafunzo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua huzuni iliyorefuka kuwa ni tatizo la kutibiwa inapozidi miezi 6 na kupita kiasi kinachotarajiwa kwa desturi na dini ya mfiwa, huku ikimzuia kuishi maisha yake ya kila siku. Na kwa kuwa hatakuwa wa mwisho, kila mwanzo wa muhula waombe wanafunzi wote wakuandikie kwa siri, anayependa, kama amefiwa karibuni, ili usimpangie mtu kitanda gizani.

Swali la mkuu wa idara lina jibu rahisi kuliko anavyodhani. Katika mtihani wa vitendo wekeni kituo kimoja cha dakika kumi. Kitandani kuna manikini, yaani sanamu ya mtu ya kufanyia mazoezi, na kando yake yupo mwigizaji aliye mke wa mgonjwa, ana kikombe cha uji mkononi, anasema mumewe hajala tangu jana na wauguzi wanamtazama tu. Alama zitolewe kwa mwanafunzi aliyesalimu na kujitambulisha, aliyeketi, aliyeuliza kwanza mama ameelezwa nini, aliyeeleza kwa maneno ya nyumbani kwa nini uji sasa una hatari, aliyemwonyesha kulowesha midomo na kumpa pamba aifanye mwenyewe, ambaye hakuahidi kupona, na ambaye kabla ya kuondoka alisema atarudi saa ngapi. Kutaja majina ya hatua za huzuni kusipewe alama hapo. Msahihishaji awe muuguzi wa wodini badala ya mwalimu wa darasani, na kama kiongozi wa wodi ya wanaume atakubali, mpelekeeni fomu ya alama wiki moja kabla ili aongeze yale anayoona yamepungua.